Shingo ya Mtoto Iliyopinda Baada ya Homa: Tuitazame, Tusiikande

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu wazazi, ndugu wanafunzi, katika toleo hili tunaomba tuzungumzie jambo ambalo si somo letu la kawaida la fiqhi wala tajwidi. Tunazungumzia shingo ya mtoto. Hasa shingo ya mtoto aliyetoka kuugua homa, koo au maradhi ya kuvimba viungo, kisha siku moja akaamka kichwa kimelala upande mmoja na hakigeuki.

Mtu atauliza, mwalimu wa madrasa ana nini na shingo? Jibu letu ni hesabu ndogo. Mtu anayeswali swala tano kwa siku hugeuza uso wake kulia na kushoto mara kumi kwa kutoa salamu peke yake. Katika rakaa kumi na saba za faradhi husujudu mara thelathini na nne. Mtoto akija madrasa jioni tunamwona ameinamia juzuu yake, tunamwona akisujudu, tunamwona akitoa salamu. Hakuna daktari katika Kampala nzima anayeitazama shingo ya mtoto wako mara nyingi hivyo. Wanaoitazama ni mama, baba, jjajja na mwalimu. Kwa hiyo hao ndio wa kwanza kupewa elimu hii.

KIUNGO CHENYEWE

Shingo ya mwanadamu ina pingili saba. Ya kwanza, iliyobeba kichwa, madaktari huiita atlasi. Ya pili huitwa aksisi. Hii ya pili ina kijiti cha mfupa kilichosimama kama jino, na ile ya kwanza huzunguka juu ya jino hilo kama mlango kwenye bawaba yake. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo unatoka katika kiungo hiki kimoja. Ukimgeukia jirani yako kumpa salamu, hicho ndicho kinachofanya kazi.

Wanafunzi wetu wajue pia kwamba elimu hii si ngeni katika vitabu vya Waislamu. Ibn Sina, katika al-Qanun aliyoandika mwanzoni mwa karne ya 11, aliweka milango maalum ya kueleza pingili za shingo.

Jino lile limefungwa mahali pake na kano, yaani kamba ngumu za mwili. Nyuma yake tu unapita mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda mikononi, miguuni na kwenye misuli ya kupumulia. Kano zikiwa imara, mtoto hucheza, huruka na husujudu bila tatizo. Zikilegea, pingili ya kwanza huweza kuteleza na kukwama juu ya ya pili, kichwa kikabaki kimeinama upande huu na kidevu kimeelekea upande ule. Ikiteleza sana, inaweza kuubana ule mshipa wa fahamu.

Sasa, kano hizi zinalegeaje bila mtoto kuanguka wala kugongwa? Hapa ndipo kwenye jambo lenyewe. Kiungo hiki kiko nyuma ya koo moja kwa moja, na mishipa midogo ya damu inayotoka nyuma ya koo inaungana na ile inayozunguka pingili hizi. Koo likivimba na kuwaka kwa maradhi, uvimbe huo huweza kufika kwenye kiungo na kuzilainisha kano zake. Watoto ndio wanaopatikana zaidi, kwa sababu kano zao bado ni laini na kichwa chao ni kikubwa ukilinganisha na mwili.

MARADHI YANAYOFIKA SHINGONI

Daktari wa Kifaransa Pierre Grisel aliandika habari hizi mwaka 1930, akieleza wagonjwa ambao shingo zao zilipinda baada ya maradhi ya koo. Mpaka leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Miaka mia moja kabla yake, mwaka 1830, Charles Bell wa Uingereza alikwisha eleza mgonjwa wa namna hiyo. Hali hii hufuata mafindofindo, homa ya koo, maradhi ya sikio, na mara nyingine operesheni ya kutoa tonsili. Watoto wenye ugonjwa wa Down wana hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kano zao zimelegea tangu kuzaliwa.

La pili ni baridi yabisi ya watoto. Wengi wetu tunadhani baridi yabisi ni ya wazee. Sivyo. George Frederic Still alieleza mwaka 1897, kule London, watoto 22 waliovimba viungo kwa muda mrefu, na akataja shingo miongoni mwa viungo hivyo. Leo madaktari wanasema mtoto aliye chini ya miaka 16 akivimba kiungo kwa wiki sita au zaidi bila sababu nyingine, basi achunguzwe ugonjwa huu. Shingo ya mtoto wa namna hii huweza kuwa ngumu polepole, bila kelele, mpaka pingili zikashikana zikawa kama mfupa mmoja. Au kinyume chake, kiungo cha juu kikalegea. Ndiyo maana mtoto wa namna hii akitaka kufanyiwa operesheni yoyote, hata ya mguu, daktari wa dawa ya usingizi lazima aambiwe habari ya shingo kabla hajamlaza na kukirudisha kichwa nyuma.

La tatu ni ugonjwa wa Kawasaki, unaoitwa kwa jina la Dkt. Tomisaku Kawasaki wa Japani aliyechapisha habari za wagonjwa 50 mwaka 1967. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Homa hukaa siku tano au zaidi, macho huwa mekundu bila tongo, midomo hupasuka, ulimi huwa mwekundu wenye vipele, mwili hutoka harara, viganja na nyayo huvimba, na tezi ya shingo huvimba mara nyingi upande mmoja. Hatari yake kubwa ni moyo. Bila dawa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne huharibika mishipa inayolisha moyo, na dawa yake hufaa zaidi ikitolewa ndani ya siku kumi za mwanzo. Lakini katika wagonjwa wachache, shingo nayo hupinda kwa sababu ile ile ya uvimbe kufika kwenye pingili za juu. Sasa fikiria mtoto huyo hapa kwetu: homa inaitwa "omusujja" tu, anapewa dawa ya malaria bila kupimwa, tezi inaitwa mafindofindo, na shingo inaambiwa alilalia vibaya. Maradhi ni moja, yamepewa majina matatu, na siku kumi zimepita.

"LAKINI NI NADRA, USTADH"

Tunajua wapo watakaosema hivyo, na wanasema kweli. Shingo nyingi za watoto zinazokakamaa ni misuli tu, na hupona zenyewe baada ya siku chache. Hatuandiki ili kila mama akose usingizi. Uganda ina malaria, ina nimonia, ina kuhara, na maradhi hayo huondoa watoto wengi kuliko shingo. Kwa nini basi tupoteze ukurasa mzima kwa jambo adimu?

Tuna majibu matatu.

Kwanza, jambo adimu si lazima liwe mbali. Mwaka 1957, hapa hapa Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zake pande zote mbili. Baada ya muda akamwona mwingine Jinja. Angeweza kusema "ni nadra" akaendelea na kazi zake. Yeye aliuliza, akatafuta, na mwaka 1958 akachapisha. Leo saratani hiyo inajulikana dunia nzima kwa jina lake, na watoto wengi hupona kwa dawa. Jambo huonekana adimu mahali ambapo hakuna anayelitafuta. Katika nchi ambayo madaktari wa viungo vya watoto ni wachache mno, na mashine za CT skani ziko mijini, hakuna anayeweza kuwahesabu watoto waliobaki na shingo iliyopinda vijijini wakaitwa walemavu wa kuzaliwa.

Pili, mlango wa maradhi haya ni koo, na koo kwetu si jambo adimu. Koo hilo hilo tunalolipuuza ndilo linaloleta homa ya baridi yabisi, ambayo huvimbisha viungo kisha huharibu milango ya moyo. Waganda wameonyesha dunia nini kinawezekana hapo. Katika utafiti uliofanyika Gulu kwa watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, waliokwisha kuwa na dalili za mwanzo za moyo kuharibika, nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne na nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa katika kundi la sindano walikuwa 3, na katika kundi lingine walikuwa 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022. Mtoto wa Kiganda akitazamwa mapema, anaokolewa. Mzazi aliyejifunza kulichukulia koo kwa uzito kwa ajili ya moyo, amekwisha linda na shingo pia.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi: kinachomtenga mtoto anayepona na anayepata ulemavu mara nyingi ni muda tu. Mtoto akifikishwa hospitali ndani ya siku chache, matibabu huwa dawa ya maambukizi, dawa ya kupunguza uvimbe, mapumziko na kola laini ya shingo. Zikipita wiki, huenda akalazwa na shingo kuvutwa taratibu kwa uzito maalum. Ukipita mwezi, kazi inakuwa ngumu, na wengine huhitaji kufungwa kichwa kwa chuma au kuunganishwa pingili kwa operesheni. Mwaka 1977 madaktari Fielding na Hawkins wa Marekani walieleza wagonjwa 17 ambao viungo vyao vilikwama, na walichokilalamikia ni kwamba wengi wao walikaa miezi mingi kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Hiyo ni Marekani. Tusishangae basi Bwaise na Katwe.

MIKONO INAYOTANGULIA HOSPITALI

Hapa tuseme bila kuficha. Shingo ya mtoto ikipinda Kampala, hospitali huwa ni mahali pa nne au pa tano. Kwanza ni bibi na mafuta ya samli. Kisha jirani anayejua kukanda. Kisha mwunga mifupa, hawa wanaoitwa abayunzi. Kisha kinyozi mwenye sifa ya kupindua shingo mpaka ilie. Mwingine atasema ni jini, amtafute mtu wa kusoma. Mwingine atasema mtoto ana kilimi kirefu kikatwe, kama wanavyong'olewa wachanga meno ya "ebiino" kwa homa ambayo haina uhusiano wowote na meno.

Hatuna ugomvi na bibi. Mapenzi yake ni makubwa. Wala hatuwadharau abayunzi, wapo waliowasaidia watu mikono na miguu. Lakini shingo si mkono. Mfupa wa mkono ukiungwa vibaya, mtu atabaki na mkono uliopinda. Kiungo cha shingo kilicholegea kikipinduliwa kwa nguvu, mtoto anaweza kupooza mwili mzima au kuacha kupumua pale pale. Na kilimi kinachokatwa kwa kisu cha nyumbani kinafungua kidonda kipya kwenye koo, mahali pale pale maradhi haya yanapoanzia.

Dini yetu haikuliacha jambo hili wazi. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa anayejitia kutibu watu, naye hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, yeye ni dhamin, yaani atawajibika kwa madhara yatakayotokea. Tuyatafakari maneno haya. Hayakusema "kama alikuwa na nia mbaya". Nia njema haimwondolei dhamana mtu aliyeigusa shingo ya mtoto wa mwenzake bila elimu.

Kuhusu ruqya, tunasema ni haki na ni rehema. Msomee mtoto Fatiha, Ayatul Kursiyu na Muawwidhatayn asubuhi na jioni. Lakini kisomo hakihitaji kumshika mtoto kichwa na kukivuta. Msomee akiwa amelala mahali pake, kisha mpeleke hospitali, au msomee mkiwa njiani. Kutafuta tiba kumeamrishwa, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama watafute dawa, aliwaambia watafute.

Kuhusu hijama, tunajua kwamba imepokewa kufanywa kwenye mishipa miwili ya pembeni mwa shingo. Hilo halikusudiwi kwa mtoto mwenye homa ambaye shingo yake imepinda na hakuna anayejua kwa nini. Daktari achunguze kwanza.

WAJIBU WETU SISI WALIMU

Tumchukue mtoto wa miaka minane. Wiki iliyopita hakuja madrasa, alikuwa na homa na koo. Wiki hii amerudi. Anasoma akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Ukimwita hageuzi shingo, anageuka na mabega yote kama mtu aliyevaa ubao. Katika salamu, kulia anafika, kushoto hafiki. Sijda yake ni fupi, au haigusi chini.

Mwalimu mmoja ataona utovu wa adabu, mtoto anacheza katika swala. Mwingine ataona mgonjwa. Tunawaomba walimu wenzetu wote wawe huyu wa pili. Kabla ya kumkemea mtoto kwa mkao wake, muulize: "Shingo inauma? Uliugua nini wiki iliyopita?" Maswali mawili tu. Wala mtoto asipigwe kofi la kisogoni, asivutwe sikio, asisukumwe kichwa chini ili sijda ikamilike. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imekwisha kataza adhabu ya viboko na mapigo shuleni. Na kabla ya sheria hiyo, shingo ya mtoto ilikuwa ni amana.

Yupo atakayesema, "Lakini sijda ni nguzo." Ni nguzo kwa anayeiweza. Imran bin Husayn (R.A.) alipokuwa mgonjwa, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Imo katika Sahih al-Bukhari. Na huyo alikuwa mtu mzima, si mtoto wa miaka minane ambaye kalamu bado haijamwandikia. Mtoto wa namna hii aswali kwa ishara kadiri anavyoweza. Salamu aitamke bila kugeuka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, kutamka salamu ya kwanza ndiyo nguzo, na kugeuza uso ni sunna. Akivalishwa kola, haimzuii udhu, maana shingo si katika viungo vya faradhi vya udhu.

Tukumbuke pia kisa cha yule mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, akaota, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Ameipokea Abu Daud. Wale hawakuwa watu wabaya. Walitaka dini itimizwe. Lakini walimlazimisha mgonjwa ibada ambayo mwili wake haukuiweza, na hawakuuliza.

MZAZI AFANYE NINI?

Tumeyapanga kwa ufupi ili ukurasa huu uweze kukatwa na kubandikwa ukutani.

1. Mpeleke hospitali SAA HIYO HIYO, usiku au mchana, kama mtoto ana homa na shingo ngumu pamoja na mojawapo ya haya: kichwa kinamuuma sana, anatapika, anaogopa mwanga, amesinzia kupita kawaida au amepata degedege. Hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na hiyo haisubiri asubuhi. Vile vile kama anadondosha mate hawezi kumeza, anapumua kwa shida, taya zimekaza, au mkono ama mguu umelegea au una ganzi.

2. Mpeleke siku hiyo hiyo kama shingo imepinda na mtoto aliugua koo, sikio, mafindofindo au homa katika wiki mbili tatu zilizopita, au amefanyiwa operesheni ya koo. Usingoje uone.

3. Mpeleke pia kama shingo inakakamaa kila asubuhi kwa wiki nyingi, au kuna kiungo kingine kimevimba, au amekonda na anatoka jasho usiku. Kifua kikuu nacho huingia kwenye mifupa ya shingo.

4. Njiani, usimnyooshe kichwa. Kiache kilivyo, kama alivyokipumzisha mwenyewe. Weka nguo zilizokunjwa kulia na kushoto. Ukiweza tafuta gari, si boda boda, kwa sababu ya mashimo ya barabara zetu.

5. Asibebe kitu kichwani. Jerikeni la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na uzito wote huo unakaa juu ya kile kiungo kimoja tulichokieleza. Katika mitaa yetu watoto ndio wanaochota maji. Mtoto aliyetoka kuugua na anayelalamika shingo apumzishwe kazi hiyo.

6. Kwa musawo, usiseme tu "shingo inamuuma". Mweleze kwa mpango: "Aliugua koo tarehe fulani, homa ilikaa siku kadhaa, shingo ilipinda tarehe fulani, na hajaanguka." Maneno haya manne humfungulia daktari njia. Uliza kama inafaa kupigwa eksirei ya shingo. Fahamu kwamba eksirei wakati mwingine haionyeshi vizuri kiungo hiki, hivyo daktari anaweza kuhitaji CT skani.

7. Ukiambiwa uende hospitali kubwa, nenda. Mulago wapo madaktari wa mifupa na wa mishipa ya fahamu, na hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, njia ya Entebbe, inashughulika na mifupa ya watoto. Karatasi ya rufaa isikae mfukoni wiki mbili.

Tunajua kikwazo. Nauli ya taksi, gharama ya kipimo, siku ya kazi iliyopotea, watoto wengine walioachwa nyumbani. Mama anayeuza matooke Nakasero akikosa siku moja, jioni nyumba haina chakula. Hatumlaumu. Kwa hiyo tunazo rai mbili kwa jamaa yetu.

Rai ya kwanza: kila msikiti wetu, mkubwa na mdogo, uweke akiba ndogo ya dharura ya watoto wagonjwa. Tunachangishana kwa harusi, tunachangishana kwa maziko, na zote mbili ni kheri. Mchango wa kumpiga mtoto picha ya shingo ni mdogo kuliko mchango wa kumlea maisha yake yote akiwa amelala kitandani.

Rai ya pili: madaktari na wauguzi Waislamu, hasa mliopo Kibuli na Mulago, njooni madrasa mara moja kwa muhula. Saa moja inatosha. Tufundisheni kutazama koo, shingo na viungo vya watoto. Sisi tutawaonyesha wanafunzi, nanyi mtatuonyesha dalili. Kuna madrasa nyingi Kampala, na katika kila moja wapo watoto kumi, ishirini, hamsini, wanaokaa mbele ya macho ya mtu mzima kila jioni. Mahali pengine wangelipa fedha nyingi kupata fursa kama hiyo.

Ndugu wazazi, jioni hii mtakaposwali pamoja nyumbani, mtakapomaliza, watazameni watoto wanavyotoa salamu. Asiyegeuka, muulizeni kwa upole. Pengine anacheza tu, na mtacheka. Pengine hachezi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye watoto wetu wagonjwa, awape subira wazazi wao, na awajaalie madaktari wetu tawfiki katika kazi zao. Aamin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.